Mpwa Wangu, Kijerumani Hakikunipa Akili Mpya

Mpwa wangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika mahali palepale: pale unapoandika kwamba lugha ni miwani ya akili, kwamba anayejifunza Kijerumani huanza kufikiri kwa mpangilio kama Wajerumani wenyewe, na kwamba ndiyo sababu mimi, baada ya miaka 11 huku Ujerumani, "nafikiri Kizungu" na simu zangu na pesa zangu zimepungua. Umeuliza kama ni kweli mtu akibadili lugha hubadilika akili, kisha ukaomba nikulipie kozi ya Kijerumani ili nawe ubadilike. Nitakujibu yote mawili, ingawa la pili huenda lisikupendeze, na la kwanza halinipendezi mimi.

Wazo lako lina wazee wake. Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyefariki mwaka 1941, alikuwa mkaguzi wa mambo ya moto katika kampuni ya bima, na isimu, yaani elimu ya lugha, aliifanya pembeni ya kazi hiyo. Alieleza kuwa wafanyakazi walijihadhari sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini penye mapipa "matupu" walivuta sigara bila wasiwasi, ilhali pipa lililomwagwa petroli hubaki na mvuke ambao ni hatari zaidi. Neno "tupu" liliwapoteza. Mimi ni mtu wa ghalani, kwa hiyo mfano huu naupenda kuliko mingine yote, lakini uutazame vizuri: mfanyakazi huyo akielezwa mara moja habari ya mvuke, ataizima sigara yake, na lugha yake itabaki ileile. Neno lilimdanganya, halikumfunga. Waliokuja baadaye wakasema lugha ni gereza la fikra, na habari hiyo ndiyo iliyokufikia wewe.

Mambo yaliyopimwa ni madogo kuliko uvumi wake. Kirusi kina majina mawili ya rangi ya buluu, moja la iliyokoza na jingine la iliyofifia, na mzungumzaji hana neno moja la kuzijumlisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba Warusi hutofautisha haraka zaidi vipande viwili vya buluu vikiwa na majina tofauti, na kwamba wakipewa tarakimu za kukariri kichwani wakati huohuo, faida hiyo hupotea. Haraka kwa kiasi gani? Kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sisi kijani tumekitoa kwenye majani na kijivu kwenye jivu, na sijamwona aliyeshindwa kuiona rangi kwa sababu jina lake ni la kuazima.

Nakubali kwamba yapo mazito zaidi. Kaskazini mwa Queensland, Australia, wazungumzaji wa Kiguugu Yimithirr, lugha ya wenyeji wa asili, kwa jadi hawasemi kushoto na kulia, bali hutumia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi hata kwa vitu vilivyo mezani, na kwa hiyo hulazimika kujua kila saa wameelekea wapi. Hiyo ni lugha kuizoeza akili kazi fulani, sibishi. Lakini watu hao walikua katika mazungumzo hayo tangu utotoni; hawakuipata dira hiyo katika kozi ya miezi sita, kama wewe mpwa wangu unavyotarajia kuipata nidhamu ya Wajerumani pamoja na cheti cha B1, kile cha ngazi ya kati ya lugha.

Nikueleze Kijerumani kilinifanya nini. Wiki ya kwanza niliambiwa nifike kazini "halb acht", yaani nusu nane, nami nikaielewa kuwa nane na nusu, ambayo kwa saa zetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Kumbe wao wanamaanisha nusu ya kuiendea nane, saa moja na nusu. Nilichelewa saa nzima. Tarakimu zao nazo hutanguliza mamoja kabla ya makumi, kwa hiyo 52 husomwa "mbili na hamsini", na mimi niliyekuwa nikiandika kila nisikiacho kwa mfuatano nilipeleka mizigo kwenye rafu ya 25. Msimamizi aliniuliza mbele ya wenzangu wote, polepole, kama anayesema na mtoto, kama kwetu watu huhesabu. Mwezi haukuisha nikawa nimeyazoea yote mawili, na akili yangu ilikuwa ileile iliyotoka nyumbani. Kilichobadilika ni jinsi walivyoipima akili hiyo. Kwa Kiswahili naweza kumtania mtu, kumsuluhisha na mkewe na kumnyima ombi lake bila kumuudhi, lakini kwa Kijerumani nilikuwa mtoto wa miaka minne mwenye ndevu. Hilo halimo katika vitabu vya rangi ya buluu, na ndilo litakalokutesa. Usije huku bila lugha. Tena usije ukidhani lugha itakutengenezea heshima. Nimewaona wanaoisema vizuri kuliko mimi, nao wanapanga maboksi pamoja nami.

Sasa nifike panaponiuma. Mwanaisimu Roman Jakobson alisema kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale zinayokulazimisha kusema, wala si katika yale zinayoweza kusema. Kiswahili hakinilazimishi kutaja kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Kijerumani hunilazimisha kila ninapofungua mdomo. Kwa jamaa mambo hugeuka: siwezi kumtaja ndugu wa mzazi wangu bila kuonyesha ni wa upande upi, baba mdogo au mjomba, shangazi au mama mdogo, ilhali Wajerumani wanatosheka na Onkel na Tante. Bibi yako alipofariki, yule mama mdogo aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu, nilikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kuja kuzika, nikaulizwa ni nani kwangu. Nikasema Tante. Nikajibiwa kwa upole kwamba ruhusa ni ya mama, si ya shangazi. Nikajaribu kulitafsiri neno letu lilivyo, mama mdogo, na karani akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anavyocheka neno alilolibuni mtoto. Nikarudi kwenye rafu. Siku ya pili yake mlimzika.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba lugha yao ndiyo iliyonizuia, kwamba watu wasio na neno la mama mdogo hawawezi kumwona mama mdogo. Ni uongo, na leo nakiri kwako. Yule karani naye huenda alilelewa na mtu. Ningekuwa na sentensi tatu zaidi, za kusema kwamba huyu ndiye aliyenilisha, aliyenisomesha, aliyenisindikiza siku naondoka, angeelewa kama wewe unavyoelewa. Fikra nilikuwa nayo kamili. Sentensi ndizo sikuwa nazo. Kwa hiyo jifunze, mpwa wangu, jifunze hata kama akiba yote itakwisha, na puuza niliyokuambia hapo juu kuhusu kozi.

Lipo jambo moja linaloelekea kuyapa ukweli uliyosema, na ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya tatu. Kwa Kijerumani, Schuld ni hatia na pia ni deni. Mjerumani mwenye madeni na Mjerumani mwenye kosa wanatumia neno moja, na wapo wanaodai kwamba hiyo ndiyo sababu Wajerumani huona haya kukopa. Kiswahili kimeyatenganisha: deni hulipwa, hatia huombewa msamaha. Kama lugha ingekuwa miwani, mimi niliyekulia katika Kiswahili ningeviona vitu viwili, lakini tangu siku ile ya mazishi kila pesa ninayotuma nashindwa kujua ninalipa kipi. Hapo lugha yao imenipa jina la kitu nilichokuwa nacho tayari. Haikukiumba.

Lakini watafiti wameona jambo jingine. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba mtu akiulizwa kwa lugha yake achague kati ya njia ya uhakika na ya kubahatisha kuhusu maisha ya watu, hubadili chaguo kulingana na jinsi swali lilivyopambwa, kwamba wangapi wataokolewa au wangapi watapotea. Akipewa kwa lugha ya kujifunza, hababaishwi hivyo. Mwaka 2014 wengine wakauliza kama inafaa kumsukuma mtu mmoja kutoka darajani ili aizuie treni inayokwenda kuwaua watu watano, na walioulizwa kwa lugha ya kigeni walikubali zaidi kuliko walioulizwa kwa lugha ya mama. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba lugha uliyojifunza ukubwani haina uchungu, kwa sababu hukubembelezwa kwayo wala hukuchapwa kwayo.

Hilo nalijua bila kupimwa. Habari ya msiba niliipokea kwa Kiswahili na miguu ikanilegea. Dakika kumi baadaye nikamweleza msimamizi habari ileile kwa Kijerumani, kwa sarufi iliyonyooka, macho makavu. Na tangu miaka minne iliyopita nimeacha kupiga hesabu za kutuma pesa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili kila jina lililo kwenye orodha lina sauti na lina kikohozi chake, nami natuma mpaka sina kodi ya chumba. Kwa Kijerumani ni mapato, makato, bima, na mstari wa chini. Mnaosema napunguza pesa kwa sababu nafikiri Kizungu mmekosea sababu, maana akili ni ileile, ila nimejifunza mahali pa kuificha ninapotaka kumsukuma mtu darajani. Sijivunii. Wala sijui ningeishije huku bila hilo.

Ada ya kozi yako niliipigia hesabu jana usiku, kwa Kijerumani, na jibu lilikuwa hapana. Usiniandikie tena. Nipigie Jumapili jioni, uniombe kwa sauti.