Video ya rubani aliyeruka na parachuti: kweli au maigizo?

Ndugu, kwenye video ya California ambamo Trevor Jacob, mtengeneza video wa YouTube, anaruka na parachuti na kuiacha ndege yake ianguke, usihangaike kutafuta ujanja wa kompyuta. Ndege ilianguka kweli, ila kwa kupangwa. Mtazame rubani. Nani huendesha kindege kidogo akiwa tayari amevaa parachuti? (Mimi sijawaona wengi.) Kamera zimefungwa sehemu kadhaa. Mlango anaufungua kabla hajadai injini imezima, kisha hajaribu kuiwasha, hawaiti waongoza ndege redioni, hatafuti pa kutua. Anaruka tu, huku akijirekodi! Hiyo ilikuwa Novemba 2021. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilimfutia leseni ya urubani 2022, na Desemba 2023 akahukumiwa kifungo cha miezi 6, kwa kuwa aliondoa mabaki ya ndege na kuyaharibu.