Nairobi hadi New York: kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi 14?

SWALI: Nimepima kwenye ramani ya simu kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, nikapata kilomita 11,840. Ndege hukimbia kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo nilitarajia saa 13. Mbona ratiba inasema 15 kwenda na 14 kurudi? Na tiketi inaonyesha kuondoka 23:25 na kufika 06:25, kana kwamba ni saa 7 tu!

JIBU: Umepima sawa, na hesabu yako ni sahihi: saa 13 na dakika 9. Tatizo liko kwenye ile 900. Hiyo ni kasi ya ndege kama Boeing 787 ndani ya hewa, na hewa yenyewe haijatulia. Kinachokufikisha ni kasi juu ya ardhi.

Tandaza uzi kwenye tufe la dunia kati ya miji hiyo miwili, uuvute ukaze. Utapita Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na nusu ya safari itakukuta karibu na Marrakech, Morocco. Yaani umeshamaliza karibu kilomita 5,900 na bahari bado! Ndipo uzi unaingia Atlantiki na kupita visiwa vya Azores. Nusu hiyo ya pili ndiyo yenye kazi, kwa sababu kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 upepo wa huko huvuma kutoka magharibi, na huwa mkali zaidi majira ya baridi. Kwenda ni upepo wa mbisho, kurudi unakusukuma.

Tuseme wastani wa upepo kwa njia nzima ni kilomita 40 kwa saa. Kwenda, 900 inakuwa 860: saa 13 na dakika 46. Kurudi inakuwa 940: saa 12 na dakika 36. Ongeza dakika 25 za ndege kujikokota uwanjani, maana muda wa ratiba huhesabiwa kutoka langoni hadi langoni. Ongeza 15 za kupaa na kushuka, ambako kasi ni ndogo, na 14 za kuzunguka anga lililofungwa au lenye dhoruba (kilomita 200 hivi). Sasa una saa 14 na dakika 40 kwenda, na saa 13 na dakika 30 kurudi. Kinachobaki ni akiba ya shirika kwa ajili ya foleni, na JFK foleni ya kuruka si mchezo.

Upepo huo hula mafuta pia. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege haiwezi kuruka na uzito wowote ule. Mafuta yakizidi, mizigo hupunguzwa. Ubaridi wa usiku husaidia kidogo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito zaidi.

Kuhusu tiketi: kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Ukiondoka 23:25 (saa 5:25 usiku), majira ya baridi New York iko nyuma kwa saa 8; 7 za tiketi jumlisha 8 ni 15. Kurudi, ukiondoka 12:25 (saa 6:25 mchana) unatua 10:25 (saa 4:25 asubuhi) ya kesho yake, ndiyo maana ya ile “+1” kwenye tiketi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa 7, kwa kuwa Marekani husogeza saa zao na Kenya haisogezi.