Crohn (ugonjwa sugu wa utumbo) inayorudi kila ukimaliza dozi

Pole sana dada. Nimekuelewa, unameza prednisolone tumbo linatulia, ukimaliza dozi baada ya miezi miwili mitatu kuharisha na maumivu vinarudi palepale. Na mimi naishi na Crohn, hiyo prednisolone ni ya kuzima moto tu, haizuii ugonjwa kurudi, kwahiyo muulize daktari bingwa wa tumbo kuhusu dawa ya muda mrefu kama azathioprine, ila ujue inachukua kama miezi 3 hivi kuanza kuonyesha kazi na damu lazima upimwe mara kwa mara. Halafu walikucheki TB ya utumbo kweli? Maana huku kwetu inafanana mno na Crohn na hizi dawa zinashusha kinga, hilo lisirukwe.

Prednisolone usiikate ghafla, inapunguzwa kidogokidogo. Diclofenac na ibuprofen achana nazo, maumivu meza panadol. Sigara nayo, kama unavuta, acha.

Tumbo likiamka mi nakula uji laini, wali, viazi, makande naweka pembeni kwanza. Ila tumbo likijaa ukawa unatapika na choo wala hewa haitoki, au homa kali, usisubiri siku ya kliniki, nenda emajensi siku hiyohiyo.