Kabla hamjapandisha tabaka: kwa vijana wanaoanza kujenga potali za ramani

Kila kundi jipya linaloingia kwenye kazi hii linaanzia palepale. Wiki nzima ni rangi za ukurasa wa mbele, nembo na picha ya ngalawa, kisha GeoServer, programu ya kutoa ramani mtandaoni, inawashwa na kila shepufaili (faili la data za ramani) iliyokuwamo kwenye flashi inapandishwa usiku mmoja. Orodha inaonesha matabaka sitini, kila moja aina yake ya data, watu wanapongezana. Miezi michache baadaye hakuna anayejua lipi ndilo la mipaka ya shehia (eneo analosimamia sheha) inayotumika sasa, na afisa wa wilaya amerudi kuomba data kwa WhatsApp. Inauma, maana vijana wenyewe ni hodari. QGIS ya kuchorea ramani na PostGIS ya kuhifadhi data zake mnazijua, kwa hiyo huko sipiti.

1. Anzeni na mtu mwenye swali. Muulizeni mpimaji, sheha au mtu wa maji anafungua ramani ili aamue jambo gani. Tabaka lisilojibu swali la mtu lisubiri.

2. Mfumo wa kodineti, yaani namba zinazosema kitu kiko wapi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Mtakutana na mifumo miwili inayofanana mno sura. Data nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, UTM (gridi ya mita) kanda ya 37 kusini, msimbo 21037 kwenye orodha ya mifumo ya EPSG. Data za GPS na picha za droni mara nyingi zinakuja kwenye WGS 84, kanda ileile, msimbo 32737. Mji Mkongwe kwenye WGS 84 uko karibu na mashariki 521,000 na kaskazini 9,318,800. Kwenye Arc 1960 ni karibu na 520,900 na 9,319,100. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote zina tarakimu sita na saba, na zote zinaangukia Unguja.

Lakini Arc 1960 imejengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880, na kitovu chake hakilingani na cha WGS 84. Ukichukua kodineti za Arc 1960 ukaziita WGS 84, kila kitu kinasogea takriban mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi. Nyumba ya Forodhani inaingia baharini, na hapo angalau kosa linajitangaza lenyewe. Hatari iko mashamba. Kule Pemba kiwanja kinatoka kwenye mikarafuu ya mtu kinaingia kwenye mikarafuu ya jirani, ramani inapendeza, na hakuna anayeshtuka mpaka watu wawili wafikishane kwa sheha wakiwa na karatasi mbili.

Kosa linaingia hivi. Shepufaili inatumwa bila faili lake la .prj, linalotaja mfumo. QGIS haijui mfumo, kijana anachagua ule wa mradi wake, picha inatokea, anaendelea. Au anaujua mfumo sahihi lakini anatumia amri isiyo yake: Set Layer CRS inabadili lebo tu, namba zinabaki zilivyo. Reproject Layer ndiyo inayogeuza namba zenyewe. Lebo hubadilishwa pale tu ilipokuwa ya uongo tangu mwanzo. Mkizipindua hizi mbili mara moja na faili likapanda kwenye potali, watu watalipakua, watalikata, watalichanganya na data zao, na hamtaweza kulirudisha.

Kipimo chake ni cha dakika kumi. Chagueni alama nne zilizotawanyika ambazo zinaonekana kwenye tabaka na kwenye picha ya droni: kona ya msikiti, njia panda, gati, ukuta wa skuli. Pimeni mpishano wa kila moja na mwelekeo wake. Zote zikiwa zimesogea karibu mita 300 upande mmoja, tatizo ni mfumo. Zikipishana mita mbili tatu, kila moja upande wake, tatizo ni mkono wa aliyechora, na hilo dawa yake nyengine. Mkishageuza, andikeni kwenye metadata (maelezo ya tabaka) ni njia gani ya kugeuza mliyotumia, maana QGIS itawapa zaidi ya moja kwa Arc 1960 na zinapishana kwa mita kadhaa.

Dalili nyengine zikaririni kabisa. Zanzibar ikiangukia kusini mwa Ethiopia, alama ya kutoa kwenye latitudo imepotea. Ikiangukia magharibi mwa Uhispania, latitudo na longitudo zimebadilishana. Hii hutokea sana kwa sababu WMS, kanuni ya kuombea ramani kwa seva, kwenye toleo la 1.1.1 inataka longitudo kwanza, na kwenye 1.3.0 kwa msimbo 4326 (WGS 84 kwa digrii) inataka latitudo kwanza. Ikiangukia Bahari ya Aktiki, mmechagua kanda ya 37 kaskazini.

3. Majina. Shepufaili inakata jina la safu kwenye herufi ya kumi. JINA_LA_SHEHIA na JINA_LA_SHEHA zote zinakuwa JINA_LA_SH, kisha ya pili inapewa jina JINA_LA__1, na anayepakua hajui kama anasoma mahali au mtu. Tumieni GeoPackage, aina ya faili isiyokata majina, kwa kuhifadhi na kwa kupakua. Shepufaili mpeni anayeiomba kwa jina.

Na msiunganishe majedwali kwa jina la shehia. Jang'ombe mtaikuta na ritifaa (') iliyonyooka, na iliyopinda, na bila ritifaa. Chake Chake inaandikwa maneno mawili, neno moja, au kwa kistari. Unganisheni kwa msimbo wa sensa, na mwaka wa mipaka uwe ndani ya jina la tabaka, kwa sababu shehia zinagawanywa: mipaka ya sensa ya 2012 si ya 2022. Idadi ya watu ya 2022 juu ya mipaka ya 2012 inatoa ramani ya msongamano iliyo na uongo ndani yake, tena uongo wenye rangi nzuri.

4. Picha za droni. Tangu Kamisheni ya Ardhi na chuo kikuu cha SUZA waanze kuvipiga picha visiwa hivi kwa droni mwaka 2016, kila mtu anataka picha ionekane mpaka bati la nyumba yake. Pigeni hesabu kwanza. Kwa pikseli ya sentimita 7, kilomita moja ya mraba ni pikseli milioni 204, yaani megabaiti 600 na zaidi kabla ya kubana. Unguja nzima inakaribia terabaiti moja. Zibaneni kwa JPEG ya ubora wa 85, zihifadhini kama GeoTIFF (picha yenye kodineti zake) ya mtindo wa COG yenye piramidi zake ndani, yaani nakala ndogo ndogo za picha hiyo, na seva itasoma kipande kinachotakiwa tu. Vigae (vipande vya picha ya ramani) vya kuandaa mapema visivuke kiwango cha 18 cha kukuza: hapo Unguja inahitaji vigae karibu 70,000, lakini kiwango cha 21 kinataka milioni nne na nusu. Huko vitengenezwe pale mtu anapoomba.

Jaribuni kwa simu ya kawaida, kwa bando, mkiwa Micheweni, si kwa waya wa ofisini. Mipaka ya shehia ikiteremka kwa megabaiti 20, mnamla mtu bando lake. Desimali sita za digrii kwenye GeoJSON, faili la ramani la mtandaoni, zinatosha, hiyo ni sentimita 11. Mkirahisisha mistari, tumieni zana inayolinda mpaka wa pamoja, la sivyo mtapata nyufa baina ya shehia na shehia.

5. Kila tabaka liwe na mwenyewe. Cheo na ofisi, maana mtu huhamishwa. Metadata ya kweli ni mistari michache: nani alikusanya, lini, kwa kifaa gani, mfumo gani, leseni gani, na lini litaangaliwa tena. Bila leseni iliyoandikwa, mtumiaji makini hatagusa data yenu. CC BY 4.0 (tumia, ila taja chanzo) inafaa kwa nyingi. Data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, zina masharti yake ya leseni ya ODbL, ziwekeni mbali na zenu mpaka myaelewe. Majina ya wenye viwanja yasipande kabisa.

6. Seva. Badilisheni nenosiri la mwanzo la GeoServer siku ileile. Tundu la usalama la 2024, lenye namba CVE-2024-36401, linamruhusu mgeni kuendesha amri kwenye seva yenu bila kuingia, na lilizibwa kwenye matoleo ya 2.22.6, 2.23.6, 2.24.4 na 2.25.2, kama mko chini ya hapo, acheni kusoma mkasasishe. Nakala ya hifadhidata (pg_dump) na ya folda ya data ya GeoServer zitoke nje ya jengo, na kila baada ya miezi mitatu mmoja wenu azifungue kwenye kompyuta tupu mpaka ramani itokee. Jina la kikoa (anwani ya potali mtandaoni) lisajiliwe na ofisi, lilipiwe kutoka bajeti ya ofisi, si kadi ya mradi ambao unafungwa Juni.