Tulishusha Bei Mara Mbili na Nyumba Bado Haikuuzika

Nyumba ya marehemu baba, iliyopo Tabata hapa Dar es Salaam, ilikaa miezi kumi na tisa bila kupata mnunuzi. Tulianza na milioni 130, tukashuka hadi 115, kisha 100. Kila tuliposhusha, simu za madalali ziliongezeka wiki moja, halafu kimya kikarudi. Mama alikuwa anahitaji hela ya matibabu, na mimi, mkubwa wa watoto, ndiye niliyekuwa nikiulizwa kila nikienda kumjulia hali: "Mwanangu, wamesemaje?" Naandika haya kwa aliye katika hali hiyo sasa, maana tulipoteza zaidi ya mwaka tukipunguza bei wakati tatizo halikuwa bei.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo. Alikuja Jumamosi asubuhi na mdogo wake wa kike. Akapita vyumba vyote vitatu, akafungua bomba la jikoni, akaweka kiganja ukutani nyuma ya kabati la sebuleni, pale ambapo rangi ilikuwa inamenyuka kwa unyevu. Hakusema kitu. Akaomba karatasi. Nikampa hati ya mauziano ya mwaka 1994, iliyoandikwa kwa mkono, ina sahihi za mashahidi watatu na balozi wa nyumba kumi, pamoja na leseni ya makazi iliyokwisha muda wake.

"Huyu aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Ni baba yetu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alishatangulia mbele ya haki, mama."

"Na msimamizi wa mirathi ni nani?"

Hatukuwa na mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali za marehemu. Nikamwambia sisi ni familia moja, hakuna mwenye neno. Akakunja zile karatasi taratibu, akanirudishia. "Mwanangu, nyumba nimeipenda. Ila hela yangu nimeitafuta kwa jasho. Nikikulipa wewe leo, kesho akatokea ndugu yako na zuio la mahakama, nitamshika nani?"

Bei hakuigusa kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wengine wote walikuwa wakisema "tutawasiliana" na wasipige tena. Walikuwa wanaogopa, na hakuna punguzo la milioni kumi linalomtoa mtu hofu ya kupoteza milioni mia.

Tuliitisha kikao cha ukoo. Na kweli, mdogo wetu anayeishi Mwanza, ambaye nilikuwa namsemea kwamba hana neno, alikuwa nalo. Hakupinga kuuza. Alichosema ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikaa siku nzima kulimaliza hilo, tukaandika muhtasari wenye sahihi za wote, tukaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Tangazo likabandikwa, muda wa pingamizi ukapita, nikateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Jambo hili lote lilichukua miezi minne. Tungelianza nalo, mama asingesubiri kiasi kile.

Kama mwenye nyumba yu hai, suala la kwanza ni mwenza wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja tu. Mnunuzi makini atataka kumwona mke au mume ana kwa ana, na sahihi yake iwemo kwenye mkataba. Usione amekudharau.

Kuhusu hati miliki, kama mtaani kwenu urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, unaendelea, nakusihi changia upimaji na ufuatilie hati yako kabla hujatangaza kuuza. Nyumba isiyo na hati inakubakiza na wanunuzi wenye fedha taslimu tu, kwa sababu anayetegemea mkopo wa nyumba wa benki hataweza kuichukua. Wengi wa hao wana uwezo wa kulipa vizuri, lakini mlango umeshafungwa kwao. Na ukiwa na hati, hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, basi wengi hudhani wamemaliza. Hizo ni kodi mbili tofauti.

Madalali walituumiza pia, ingawa kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulimpa kazi ya kuiuza kila aliyeomba. Mmoja akaitangaza kwa milioni 115, mwingine 125, mwingine 140, kila mtu na cha juu chake. Mnunuzi anayeona nyumba ileile ina bei tatu anajua kuna kitu hakiko sawa. Tena walikuwa wanawatoza watu elfu ishirini ya kuonyeshwa, sisi hatuna habari. Mwishowe tukabaki na dalali mmoja, tukaandikiana asilimia yake, na bei ikawa moja.

Ukitaka kujua bei halisi, usitazame matangazo ya mitandaoni, maana yale ni matarajio ya wauzaji. Ulizia serikali ya mtaa. Mauziano mengi ya nyumba zisizo na hati hushuhudiwa pale, na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anajua zilizouzwa karibuni ziliuzwaje. Sisi tulikuwa tumejipima na nyumba ya jirani iliyo barabarani, wakati kwetu gari linaishia kona.

Ule ukuta tulikuwa tumeupaka rangi mara mbili. Safari hii tukamwita fundi bomba, akavunja sakafu kidogo na kukuta bomba la maji machafu ya bafuni limepasuka. Kazi yote ilitugharimu shilingi laki tatu na nusu. Baada ya mwezi ukuta ukakauka, na nikaacha kabisa kusogeza kabati pale.

Aliyenunua alikuja mara ya kwanza Februari. Akaniuliza masika inakuwaje. Nikamwambia ukweli, kwamba maji hupita uani upande wa mfereji lakini hayaingii ndani, kisha nikamwambia arudi mvua ikianza ajionee. Alirudi Aprili, mvua kubwa, amevaa mabuti ya plastiki. Akasimama uani karibu nusu saa chini ya mwavuli akiyatazama maji yanavyokwenda. Kesho yake akaja na fundi wake, na wiki iliyofuata tulikuwa kwa wakili. Alitoa milioni 108, nane zaidi ya bei ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imekosa mtu.

Alitaka kuniachia kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kuishikilia nyumba, siku ileile ya mvua, hela mkononi. Nilikataa. Fedha yote ilipita benki, baada ya mama na wadogo zangu wote kusaini, yule wa Mwanza akiwa wa kwanza.