Daraja la tano la kodi na mtoto: jibu kwa dada wa Berlin

Dada, umesema mshahara wako wa nusu siku ukikatwa kodi kwa daraja la tano, lile la mwanandoa mwenye kipato kidogo, unabaki kiduchu, na shemeji anaona heri ukae na mtoto nyumbani mpaka afike miaka mitatu. Hesabu hiyo mmeianza vibaya.

Kwanza, kile kiduchu si kodi yako halisi. Mkiwa shemeji daraja la tatu na wewe la tano, msamaha wa kodi wa wote wawili unaingia kwenye mshahara wake. Wake unanona, wako unakonda. Kodi ya kweli hupigwa mwisho wa mwaka kwa jumla yenu. Ombeni wote daraja la nne, kila mmoja akatwe kwa mshahara wake. Na kama mnawaza mtoto wa pili, badilisheni daraja mapema, maana Elterngeld (posho ya mzazi anayelea mtoto mchanga) hutegemea ulichokuwa ukipata mkononi kabla ya kujifungua. (Utaratibu huu wa kuwatoza wanandoa pamoja ni wa tangu 1958, na hadi leo unawarudisha kina mama jikoni.)

Pili, Kita yenyewe, yaani chekechea. Tangu Agosti 2013 mtoto wa mwaka mmoja ana haki ya nafasi kisheria, na Berlin ada ilifutwa 2018. Unachangia chakula kila mwezi, na vikorokoro. Sasa unalinganisha mshahara na nini?

Binti yangu aliingia akijua Kiswahili tu. Siku za kumzoesha nilikaa pembeni kwenye kiti cha kitoto, nikaona mwalimu amekunja mikono akimngoja mtoto apambane mwenyewe na suruali ya mvua, mguu wa kulia ukiingia wa kushoto. Nyumbani ningeshamvalisha zamani, tunachelewa! Kijerumani kilikuja baadaye, pamoja na kusubiri zamu na kushika mkasi. Utafiti wa mchumi Dustmann na wenzake uliochapishwa 2018, uliofanyika hukuhuku Ujerumani, ulikuta watoto wa wahamiaji ndio wanaochelewa kupelekwa, na ndio wanaofaidika zaidi wakipelekwa: wanaingia darasa la kwanza wakiwa tayari.

Kiswahili usiache, hicho ni kazi yenu nyumbani.

Vocha ya Kita omba mapema Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto na vijana. Kupata nafasi ndiyo shughuli: zunguka kwa miguu ukiwa na mtoto, barua pepe wengi hawajibu.