Polisi, mazishi na mama baada ya kaka kujiua

Pole sana, dada, kwa kuondokewa na kaka yako. Umeuliza kama polisi wanaweza kuwashtaki kwa sababu marehemu alijiua, kama kanisa linaweza kukataa kumzika, na mama asaidiwe vipi.

Hakuna shtaka linalowaangukia wafiwa kwa sababu hiyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimlenga aliyejaribu kujiua akanusurika, na Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ilichelewa mno. Polisi wakija, kazi yao ni kujua kifo kilitokeaje: wataandika taarifa, na huenda wakaagiza uchunguzi wa maiti. Chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), na mteue mtu mmoja mtulivu awe msemaji, mama asilazimike kusimulia kisa kile kwa kila anayeingia.

Kuhusu kanisa kukataa kuzika: kama nyinyi ni Wakatoliki, sheria ya kanisa ya 1983 haina tena katazo lile la zamani. Muoneni padri mwenyewe, achaneni na minong'ono ya matangani.

Kwa mama, mtajeni marehemu kwa jina. Watu hunyamaza wakidhani wanamlinda, kumbe wanamwachia aibu abebe peke yake. Atauliza "mbona sikuona?" tena na tena, msimkatize. Mtembeleeni hasa wageni wakishatawanyika. Befrienders Kenya, shirika linalowasaidia wenye mawazo ya kujiua, huwasikiliza wafiwa pia. Na wewe, ukianza kuwaza kumfuata kaka, mwambie mtu leo hii au nenda hospitali iliyo karibu.